Pantoni ndiyo ilikuwa sebule yetu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, goti la mama yako limepungua maumivu na jana alitembea mwenyewe hadi gengeni. Ujumbe wako wa Jumapili usiku nimeusoma mara tatu. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana kwenye simu ningesema maneno mawili nikakata. Umeuliza: "Baba, nyinyi mlikuwa na mshahara mmoja wa ukarani, na bado kila Jumamosi mlitoka wawili. Sisi tuna gari na mishahara miwili, na wikiendi inatuishia kila mtu na simu yake. Mlikuwa mnakwenda wapi, na mliwezaje?"

Nianze na jambo ambalo sijawahi kukwambia. Tulitoka kwa sababu ndani hapakuwa na mahali pa kuzungumza. Tulipooana mwaka 1988 tulipanga chumba kimoja hapa Temeke, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo kimoja uani. Kuta hazikufika darini. Jirani wa chumba cha tatu akikohoa, sisi tunaamka. Nikiwa na neno la kumwambia mama yako, la fedha au la ndugu zangu, nilinong'ona, na maneno ya kunong'ona yanachosha, hata mazuri husikika kama ugomvi. Ndipo Jumamosi moja mchana akajifunga khanga yake akasema, twende Feri tupande pantoni, tuvuke Kigamboni turudi.

Kuvuka kwenyewe kwa pantoni, kile kivuko cha pale Feri, ni dakika chache. Lakini kuna kusubiri, kuna kuvuka, kuna kutembea ng'ambo kwenye mchanga, kisha kusubiri tena kurudi, na huko kote mlikuwa mmezungukwa na mamia ya watu wasiowajua wala kuwajali. Sisi tulisimama kwenye chuma cha pembeni, upande unaoona mnara wa Kanisa la Azania na ule wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu ikisogea mbali. Kwa mara ya kwanza tangu harusi nilimsikia mke wangu, yaani mama yako, akisema kwa sauti yake kamili. Ile cherehani iliyolipa ada yako ya sekondari iliamuliwa pale, juu ya maji, baada ya kubishana safari tatu nzima. Mimi nilitaka tununue kitanda kipya. Alikuwa na haki yeye.

Jioni tukirudi, tulipitia soko la samaki. Siku hizo hapakuwa na majengo haya ya sasa, yalikuja baadaye, lakini mnada ulikuwa uleule: dalali anapaza sauti, fungu linauzwa kabla hujakaa sawa. Sisi tulingoja mafungu ya mwisho, tukachukua vibua wawili, tukawapeleka kwa wakaangaji. Karai kubwa, kuni zinapasuka, samaki amechanjwa mistari mitatu kila ubavu na kupakwa chumvi na ndimu. Mkaangaji mzuri hamgeuzi samaki mara mbilimbili. Anamwacha upande mmoja mpaka ngozi ikakamae, anamgeuza mara moja tu, anamwopoa. Tukala tumesimama, kwenye karatasi, na kachumbari ya pilipili. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha usiku, na nauli ya kurudi ilikuwa imetengwa kwenye kitambaa cha mama yako tangu nyumbani.

Wiki ambazo hata nauli hiyo hapakuwapo, tulitembea hapa hapa mtaani. Unamkumbuka yule mzee wa pweza pale kona? Alianza zamani kabla hujazaliwa, na kibatari juu ya meza. Pweza mzima yuko kwenye sinia, amechemshwa hadi akawa na rangi ya zambarau. Unachagua mkono, anaukata vipande kwa kisu chembamba, haraka, unachoma kwa njiti na kuchovya kwenye bakuli la chachandu, mwisho unapewa supu kwenye kikombe. Pale walisimama wanaume peke yao. Mara ya kwanza nilipokwenda na mama yako walinyamaza wote, nami nikaona haya, nikataka tuondoke. Yeye akasema, "Mzee, mimi nipe huo wa ncha." Baada ya majuma kadhaa yule mzee akawa anatoka na kigoda kutoka ndani kwake akituona tu tunakuja. Kigoda kile kilinifundisha kuhusu mke wangu kuliko mashauri yote ya harusi.

Usifikiri ilikuwa laini wakati wote. Wewe ukiwa na miaka miwili hivi, nilianza kuipitisha Jumamosi kijiweni kwenye kahawa na kashata, Simba na Yanga kutwa. Mama yako nilimwambia aje, na kweli mara moja alikuja, akakaa pembeni na wewe mgongoni, hakuna aliyemsemesha, mimi mwenyewe nikiwemo. Hakulalamika. Kwa miezi mitatu hakutaja tena pantoni. Nilidhani ameridhika. Siku niliyomuuliza akanijibu, "Nilidhani umeshamaliza kuniambia." Neno lile bado linanikaa hapa kifuani. Tangu hapo tukaweka utaratibu wa zamu: Jumamosi hii anachagua yeye, ijayo mimi, na asiyechagua hanung'uniki. Fedha tukaweka kwenye kopo la maziwa ya unga, sarafu tu, na zikijaa tunakwenda mbali kidogo.

Mbali kidogo maana yake ilikuwa Bagamoyo. Leo ni lami na ni kilomita sabini hivi, kipindi kile ukipita Tegeta ni vumbi na mashimo, na safari moja basi lilitufia njiani tukafika alasiri. Hatukuona ufukwe wala chochote, tulikwenda moja kwa moja Kaole, kwenye magofu ya mji wa kale, kabla jua halijazama. Nendeni Kaole, mwanangu. Kuna misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, wa zamani zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo. Kwenye nguzo utaona vishimo vya duara. Humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Mama yako aliweka kidole kwenye kishimo kimoja akaniuliza mtu anampenda vipi marehemu wake hata amwekee bakuli alilolileta kutoka nchi ya mbali namna ile. Bahari iliyokuwa karibu na mji ule sasa huioni, mikoko imejaa mbele. Tulikaa hapo mpaka mlinzi akaja kutuambia anafunga.

Sasa swali lako. Nyinyi mna nyumba yenye geti na sebule, hamhitaji kukimbia majirani. Lakini naona mna wapangaji wengine humo ndani, ndio hizo simu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba gari liacheni. Mwenye usukani anaangalia barabara na kulaani foleni ya Morogoro Road, mwingine anafungua simu. Hapo Kimara pandeni basi la mwendokasi la Kivukoni, mnashuka na pantoni iko hatua chache. Najua tangu Daraja la Nyerere la kwenda Kigamboni lifunguliwe mwaka 2016 watu wa magari wanazungukia huko, wanafika upesi. Nyinyi msifike upesi.

Kisiwa cha Mbudya ni pazuri, boti zinatoka Kunduchi, ila kuna kiingilio cha hifadhi na nauli ya boti, iwekeni kwa mwisho wa mwezi. Mihogo ya Coco Beach mnaijua. Pugu mnaweza kwenda na kurudi bila kulala, kuna msitu na upepo wa vilima, na shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili aingie kwenye siasa. Na mkitaka kulala ugenini, pandeni treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, kwenda Morogoro. Sisi tulikwenda mwaka jana, ni kama saa mbili tu, na mama yako hakunisemesha mpaka Ruvu, alikuwa anatazama dirishani. Stesheni iko nje kidogo ya mji, mtachukua bajaji. Asubuhi mkiamka, ukungu uko juu ya milima ya Uluguru na matunda yako barabarani.

Usimpangie mwenzio safari nzima kwa mara moja. Mwambie: Jumamosi hii nachagua mimi, ijayo wewe. Kisha muone anakupeleka wapi, hata kama ni kwenye chipsi mayai za mtaa wa pili. Huenda ndipo atakapokuonyesha anachokipenda, na usikute hata hukijui.

Kuhusu mtoto, hilo lisiwazuie. Mleteni Ijumaa jioni, mkamchukue Jumapili baada ya adhuhuri. Nimeshamweleza mama yako, na leo asubuhi nimemkuta anaanika godoro dogo juani. Jumamosi mpande pantoni ya saa kumi, jua likiwa limepungua, msimame kwenye chuma cha pembeni, upande unaoona ile minara ya makanisa.

Ni mimi baba yako.