Jibu: Kuhifadhi video za chaneli bila kupakua upya kila mara

Ndugu, umeuliza utahifadhi vipi video za chaneli unazozifuatilia bila kupakua tena zile ulizonazo. Tumia yt-dlp. Ni programu ya bure ya kupakua video, inayoendeshwa kwa kuandika amri; ilitokana na programu nyingine, youtube-dl, na inafanya kazi na tovuti nyingi mno, si YouTube peke yake.

Kinachokuhusu hasa ni chaguo hili, unaloliongeza kwenye amri: --download-archive orodha.txt. Kila video ikishapakuliwa, utambulisho wake unaandikwa kwenye faili hilo. Ukirudia amri wiki ijayo, inaruka zote zilizomo na kuchukua mpya tu, hata kama za zamani umeshazihamishia diski nyingine. Kwa hiyo faili hilo litunze kama video zenyewe.

Ongeza --write-info-json (huhifadhi taarifa za video kwenye faili la pembeni) na --write-subs (huhifadhi manukuu). Nakusihi usiliache hili. Video isiyo na tarehe, maelezo wala jina la aliyeipakia inapoteza nusu ya thamani yake, na chaneli ikifutwa, taarifa hizo ni vigumu sana kuzipata tena.

Kujua video mpya zilizotoka, RSS (orodha inayojisasisha ya vitu vipya vya tovuti) inatosha. Chaneli za YouTube bado zinayo, ila inaonyesha video 15 za karibuni tu. Kwa kupakua picha kuna programu nyingine, gallery-dl.

Tovuti zikibadilika, yt-dlp hugoma. Ukiona kosa, kabla ya kuhangaika na mipangilio, sasisha kwanza: yt-dlp -U. Na nakala zako ziwe kwenye diski mbili tofauti, tafadhali.