Mtoto mwenye ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi akijisikia vizuri, sindano isimamishwe?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 13. Mwaka jana alipata homa, akaumwa goti, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kilionyesha kwamba vali moja ya moyo, yaani mlango unaozuia damu isirudi nyuma, inavujisha damu kidogo. Anachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, nayo inamuuma mno. Sasa anacheza mpira bila shida. Je, tunaweza kuisimamisha? Mama, Morogoro.

JIBU: Mama, nakuomba msiisimamishe. Sindano hiyo haitibu maumivu yaliyokwisha. Kazi yake ni kumkinga na shambulio jingine la homa ya baridi yabisi, kama lile la mwaka jana.

Ugonjwa huu huanzia kooni, kwa maambukizi ya bakteria aina ya streptokokasi kundi A. Wiki mbili hadi nne hivi baadaye, kinga ya mwili iliyojiandaa kupambana na bakteria hao huweza kushambulia maungio ya mifupa na moyo wa mtoto mwenyewe, kwa kuwa baadhi ya protini za bakteria hufanana na zetu. Maungio hupona kabisa. Vali huweza kubaki na kovu, na shambulio likijirudia kovu huongezeka, hadi baadhi ya vijana huhitaji upasuaji wangali shuleni. Kwa mwanao, ambaye vali inavuja kidogo tu, kuna nafasi nzuri ya hali kutulia, hata kurudi nyuma, ikiwa dozi hazirukwi.

Utafiti uliofanyika Gulu, Uganda, na kuchapishwa 2021, uliwafuatilia kwa miaka miwili watoto wenye dalili za awali kwenye eko ambao hawakujihisi wagonjwa: waliochomwa sindano, chini ya mmoja kati ya 100 ugonjwa wake uliongezeka kwenye eko; wasiochomwa, takriban wanane kati ya 100.

Msichelewe hata kwa siku chache, kwa sababu kufikia wiki ya nne dawa iliyobaki kwenye damu ni kidogo. Tiba hii huendelea kwa angalau miaka 10 tangu shambulio la mwisho, na wengine huihitaji hadi wafikishe umri wa miaka 40. Daktari wake ataamua kwa kufuata eko.

Maumivu yana namna ya kupunguzwa, na ni haki ya mtoto kupunguziwa. Mwombe muuguzi aiache dawa itoke ubaridi wa friji kabla ya kuichoma, aisukume taratibu, na abadilishe upande kila mara. Daktari akikubali, huchanganywa na dawa ya ganzi. Vidonge vya kila siku hukinga kwa kiwango kidogo zaidi, hivyo huwafaa hasa wenye mzio wa penisilini, ambao hupewa vidonge vya dawa nyingine, au walioharibika vali sana, ambao sindano yenyewe huweza kuwahatarisha.

Yeyote nyumbani akiumwa koo pamoja na homa, apelekwe kituo cha afya na amalize dozi. Mwanao akihema akilala chali, akivimba miguu au akipata homa isiyoeleweka, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.