Kabichi zangu zinamezwa na magugu, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nalima kabichi robo eka na magugu yananimaliza. Nilipandikiza miche nikasema ngoja ishike kwanza ndo nipalilie, wiki ya 6 naingia na jembe magugu yashaipita kabichi kwa urefu, nimelima yote lakini hazifungi vichwa. Jamaa yangu anasema nipige tu dawa niachane na jembe. Halafu kuna kimmea cha maua ya njano kinafanana na haradali, hicho nimekiacha maana hakinisumbui.

JIBU: Pole sana ndugu yangu, robo eka kwa jembe si mchezo. Kilichokuumiza ni kule kusubiri. Wiki 3 hadi 4 za mwanzo baada ya kupandikiza ndo kila kitu, mche bado mdogo hauna kivuli, gugu likiutangulia hapo hata ukija kulima baadaye hasara ishaingia, na mizizi mingi ya kabichi iko juujuu kwa hiyo jembe la kwenda chini nalo limeikata.

Msimu ujao yawahi. Andaa matuta kama vile unapanda kesho, mwagilia, halafu usipande. Subiri kama siku 10 hadi 14 huku unakwaruza udongo kwa kidole, ukiona vijiuzi vyeupe vyembamba ujue hayo ni magugu yanaota, subiri jua kali upitishe reki yatanyauka siku hiyohiyo. Kwangua juujuu tu, sentimita 2 zinatosha, ukigeuza udongo unapandisha mbegu nyingine zilizokuwa zimelala chini. Ukimaliza pandikiza hapohapo, kwangua tena magugu yakiwa madogo, tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu ila zisiguse shina. Majani ya kabichi yakishakutana yatajizibia mwanga yenyewe.

Dawa sikukatazi, ila zile za kuua kila kitu zitaondoka na kabichi pia, na zile za kuua nyasi tu nyingi haziigusi ndago, maana ndago si nyasi hata kama inafanana nayo. Ichimbue uone, vitunguu vyake vimeungana chini kama shanga, jembe linavitenganisha na kila kimoja kinaota kivyake. Sehemu yenye ndago nyingi usiweke kabichi kabisa.

Sasa hicho cha maua ya njano ndo kinanitia wasiwasi zaidi, kama kweli ni jamii ya haradali basi ni ndugu wa kabichi, kinaweza kutunza vidukari na ule ugonjwa wa kuvimba mizizi ambao ukishaingia kwenye udongo unakaa miaka mingi. Na kwa sababu ni ndugu, dawa inayokiua mara nyingi inaua na kabichi. Ndo maana nakushauri hapo ulime mahindi misimu kadhaa, kwenye mahindi kuna dawa za majani mapana zinazokipiga na mahindi yakabaki. Kwa sasa king'oe kwa mkono kabla maganda hayajakauka yakapasuka, na kama yashakomaa yatoe shambani kwa mfuko, usiyatupe kwenye shimo la mboji.