Jasho la Kwapa na Sindano: Maswali ya Wasomaji

Barua zilizofika kwenye safu hii msimu huu wa joto zinafanana: makwapa yanalowa, mashati yanaharibika, na mwandishi amesikia mahali kwamba ipo sindano inayokausha jasho. Tumechagua sita. Majina tumeyaondoa, tumeacha maeneo tu.

Nina miaka 27, nakaa kaunta ya benki pale Posta. Tangu kidato cha pili makwapa yangu yanatoka jasho hadi shati linachora duara, hata kiyoyozi kikiwaka. Nimemaliza diodoranti zote za Kariakoo. Nataka nichomwe sindano moja kwa moja. Niende wapi? — Kaka wa Temeke

Usianzie kwenye sindano, kaka. Kwanza ijulikane jasho lako ni la aina gani. Lile lisilo na ugonjwa nyuma yake huanza ujanani, mara nyingi kabla ya miaka 25. Huwa kwenye makwapa yote mawili kwa usawa, hukata ukishalala, na mara nyingi kuna ndugu mwingine mwenye nalo. Barua yako inaelekea huko. Lakini jasho lililoanza ghafla ukubwani, la upande mmoja tu, la mwili mzima, au linalolowesha shuka usiku, hilo halipelekwi kwa mtu wa sindano. Linapelekwa hospitali, kwa sababu kifua kikuu, maambukizi ya VVU, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, sukari inayoshuka kwa mgonjwa wa kisukari na baadhi ya dawa za sonona huleta jasho la namna hiyo. Ukilikausha kwapa, utakuwa umeficha dalili na kuuacha ugonjwa.

La pili: diodoranti hupambana na harufu, jasho huliacha kama lilivyo. Kinachozuia jasho ni chumvi za alumini, na kwa hali kama yako daktari huanza na alumini kloraidi ya nguvu ya asilimia 20 au karibu na hapo. Wengi wanaosema imewashinda huwa waliipaka asubuhi wakikimbilia daladala. Asubuhi tezi zimeshaamka, na jasho linaisukuma dawa nje kabla haijaingia kwenye vijitundu. Inapakwa usiku kabla ya kulala. Oga, jifute, kisha kaa mbele ya feni nusu saa mpaka kwapa liwe kavu kabisa, maana katika unyevu wa Dar taulo peke yake halitoshi. Paka kidogo, vaa fulana kuukuu (dawa hii huharibu kitambaa), na asubuhi osha. Fanya hivyo kila usiku mpaka jasho lipungue, halafu mara moja au mbili kwa wiki.

Ikiwasha sana, sababu mara nyingi ni unyevu: alumini kloraidi ikikutana na maji hutengeneza asidi. Ruka siku mbili tatu, na muulize mfamasia kuhusu krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa siku chache. Usipake ndani ya saa 24 baada ya kunyoa. Kwenye ngozi yetu muwasho ukidumu huacha weusi unaokaa miezi, na watu wengi huhangaika na weusi huo kuliko hata jasho lenyewe.

Ukiifuata hivi kwa wiki nne na bado shati linalowa, hapo ndipo sindano inapostahili kuzungumzwa. Muone daktari bingwa wa ngozi. Muhimbili wapo, na katika hospitali binafsi huja kwa siku maalumu, kwa hiyo piga simu kwanza.

Alumini nimeitumia miezi mitatu, ngozi inaungua. Daktari amenishauri sindano, nami ni mwoga. Nielezeni kinachofanyika hatua kwa hatua, naombeni msinifiche. — Dada wa Mikocheni

Dawa inayochomwa ni toksini ya botulinamu, ileile inayotumika kulainisha mikunjo ya uso. Botox ndilo jina lake maarufu, na Marekani iliidhinishwa kwa jasho kali la kwapa mwaka 2004. Tezi za jasho hupokea amri kutoka kwenye neva kupitia kemikali iitwayo asetilikolini. Toksini huizuia neva isiimwage kemikali hiyo. Tezi inabaki salama, ila haipati amri. Neva hujirekebisha polepole, na ndiyo maana jasho hurudi.

Nyoa makwapa siku moja au mbili kabla, kwa wembe mpya, na usitumie diodoranti wala alumini kwa saa 24. Ukifika utaketishwa nusu saa bila mazoezi wala chai ya moto. Kisha kinafuata kipimo cha ayodini na wanga, ambacho wenye haraka hukiruka: kwapa linakaushwa, linapakwa ayodini, likishakauka linanyunyiziwa unga wa wanga. Jasho likitoka, unga mweupe unageuka bluu iliyoiva kuelekea nyeusi, na kwa kuwa rangi inatokea kwenye unga, ngozi nyeusi haifichi kitu. Ndani ya dakika kama kumi daktari anaiona ramani ya jasho lako, ambayo mara nyingi haifuati mpaka wa nywele. Kama una mzio wa ayodini, sema mapema.

Kisha dawa inachanganywa, na una haki ya kutazama. Kichupa cha yuniti 100 kina unga mkavu kidogo mno, kama utando chini ya chupa, hivyo usishtuke ukidhani ni kitupu. Kwa kazi ya kwapa huongezwa mililita 4 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yasiyo na vijidudu. Ndani ya kichupa hakuna hewa, kwa hiyo sindano ikipenya kizibo, maji huvutwa yenyewe. Yasipovutwa, kichupa hicho kinatupwa. Huzungushwa taratibu, hakitikiswi. Kikishachanganywa hukaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8 na kutumika ndani ya saa 24.

Kipimo cha Botox ni yuniti 50 kila kwapa, yaani mililita 2, zikigawanywa kwenye vituo 10 hadi 15 vilivyoachana sentimita moja hadi mbili. Sindano ni nyembamba sana, namba 30, inaingia kwa mshazari wa nyuzi 45 na kina cha milimita 2 hivi, ndani ya ngozi yenyewe. Ikiingia sawasawa huinuka kivimbe kidogo kama cha kuumwa na mbu, kinachonywea baadaye. Vituo vikichorwa kwa wino, sindano ipite pembeni ya alama, vinginevyo wino unaweza kubaki ngozini kama chale.

Maumivu? Yapo, ila ni ya kuchomachoma, na kuchoma kwenyewe ni dakika chache kila upande. Omba krimu ya ganzi ipakwe saa nzima kabla na ifutwe vizuri, au barafu dakika chache. Wengi huondoka na vidoa vya damu na kwapa linalouma kidogo siku mbili. Siku hiyo acha gimu na diodoranti, na usisugue.

Jasho huanza kupungua ndani ya wiki ya kwanza, na wiki ya pili ndiyo ya kupima matokeo. Kwa kawaida hudumu miezi sita hivi, wengine minne, wengine karibu mwaka. Kurudia ni pale jasho linaporudi, si kwa kalenda ya kliniki.

Nilichomwa kwenye saluni moja wiki tatu zilizopita. Kwapa la kulia limekauka, la kushoto linalowa upande wa nyuma. Aliyenichoma anasema mwili wangu umeikataa dawa. Ni kweli? — Mama wa Sinza

Mama, hapana, kwa maelezo haya. Mwili ukiikataa dawa, makwapa yote mawili yangebaki kama yalivyokuwa, na jambo hilo ni nadra, tena nadra zaidi kwa mtu asiyewahi kuchomwa. La kwako lina sura ya vituo vilivyorukwa. Kila kituo hukausha duara dogo tu, kwa hiyo vikiachana sana, au kipimo cha ayodini kisipofanyika, kinabaki kisiwa cha jasho. Kosa jingine ni kina: sindano ikipita ngozi na kuingia kwenye mafuta, dawa haizifikii tezi ipasavyo.

Uliza maswali mawili. Ni dawa ya jina gani, na yuniti ngapi kila upande? Yuniti za chapa moja si sawa na za nyingine. Za Dysport, kwa mfano, hazihesabiwi kama za Botox. Ukiambiwa umepewa Botox yuniti 20 kwa makwapa yote, hicho ni kipimo cha mikunjo ya katikati ya nyusi. Makwapa mawili yanakula kichupa kizima cha yuniti 100, ndiyo maana bei ya chini mno inatakiwa ikutie wasiwasi kabla ya kukufurahisha.

Marekebisho yapo: daktari anarudia kipimo cha ayodini na kuchoma kile kisiwa tu. Lakini hatukushauri urudi palepale. Sindano hii ni kazi ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na dawa ni suala la TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Dai kuona kisanduku, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kichupa kifunguliwe mbele yako. Bomba lililokwishajazwa chumba cha nyuma likataliwe. Mwaka 2024 Marekani ilitoa tahadhari juu ya Botox bandia baada ya watu kuugua.

Na hili ni la kila aliyechomwa popote: ukiona vitu viwiliviwili, kope zikilegea, sauti ikibadilika, ukashindwa kumeza, kupumua kukawa kwa shida au mwili ukaishiwa nguvu, nenda idara ya dharura siku hiyohiyo na useme ulichomwa nini na lini. Dalili hizi ni nadra, lakini zinaweza kuja baada ya saa chache au hata wiki kadhaa.

Binti yangu ana miaka 15, yuko bweni, wenzake wanamcheka. Bibi yake humpaka limao na shabu. Naweza kumpeleka kwenye sindano? — Mama wa Mbagala

Kwa kwapa, sindano hii imeidhinishwa kwa watu wazima, kuanzia miaka 18. Mwanao aanze na alumini kama tulivyomweleza kaka wa Temeke, kwa nguvu ndogo kwanza, baada ya daktari kumwona. Shabu nayo ni chumvi ya alumini, kwa hiyo bibi hajakosea sana, ila ni dhaifu na vipande vyake hukwaruza ngozi iliyonyolewa. Limao liachwe kabisa, maana ni asidi: linaunguza na kuacha weusi. Ongea pia na matroni ili apate ruhusa ya kubadili blauzi mchana, jambo ambalo wiki hii litamfaa kuliko dawa yoyote.

Jasho likizibwa, sumu za mwili zitatokea wapi? Na harufu itaisha? Nimetajiwa pia vidonge vya kuzuia jasho, vinafaa? — Kijana wa Ubungo

Sumu ni kazi ya ini na figo. Kazi kubwa ya jasho ni kupoza mwili, na makwapa ni sehemu ndogo tu ya tezi ulizonazo, hivyo hutapandwa na joto. Wachache huhisi jasho limeongezeka kwingine, mgongoni kwa mfano. Harufu hutoka kwa bakteria wanaokula majimaji ya ngozi. Kwapa likikauka mara nyingi hupungua, lakini sindano isiwe tiba ya kikwapa peke yake. Sabuni ya kuua bakteria na kunyoa ni nafuu zaidi.

Kuhusu vidonge ulivyotajiwa: vile vya kuzuia jasho hulizuia mwili mzima, hukausha mdomo na kufunga choo. Kwa anayefanya kazi juani Ubungo mwezi wa Februari, hatari ya kuzidiwa na joto ni ya kweli. Visinywewe bila daktari.

Sendofu yangu ni wiki ijayo, gauni ni la satini. Niwahi sindano? Nanyonyesha mtoto wa miezi minne. — Dada wa Tabata

Hongera, dada. Safari hii hapana. Wanaonyonyesha na wajawazito kwa kawaida husubirishwa, na wenye magonjwa ya kulegea kwa misuli kama mayastenia, au jipu au vipele kwapani, nao hawachomwi. Anayetumia antibiotiki ya jentamisini amwambie daktari, kwani inaweza kuongeza nguvu ya toksini. Hata ungekuwa huru, wiki moja ni fupi. Bibi harusi hupanga sindano wiki tatu au nne kabla, ili wiki ya pili akaguliwe na palipobaki parekebishwe.

Mpe fundi gauni kesho aweke bitana ya pamba kwapani na pedi za kwapa zinazobandikwa, na beba jozi mbili za ziada, kwa sababu ukumbini pedi ya kwanza italowa kabla ya keki kukatwa.