Ni saratani ya damu, mbona inauma mifupa?

SWALI: Shikamoo mama. Baba amebeba mizigo bandarini Kilindini miaka mingi. Mgongo ulipomzidi tulidhani ni kazi, tukawa tunamchua kwa mafuta. Sasa daktari asema ana maieloma, saratani ya damu. Mbona basi kinachovunjika ni mifupa? Na hii bortezomibu anayodungwa tumboni yafanya nini?
Binti, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe baba pole zangu, na usijilaumu. Mgongo wa mchukuzi ukiuma, nani asingeanza kuushuku mzigo?

Nimefanya kazi ya maabara hapa Mombasa miaka 29. Seli za plazma, aina ya chembe nyeupe za damu, nilizijua kwa kiini chao kilichosogea ukingoni. Hizo ndizo zitengenezazo kingamwili, na makao yao ni ubohoni, ndani ya mfupa. Katika maieloma, moja huharibika jeni, ikazaana, na uzao wake wote ukatoa protini ile ile isiyo na faida. Protini ikijaa, chembe nyekundu hushikana mafungu kama sarafu zilizopangwa. Nikiona vile kwenye hadubini, nilikuwa nanyamaza kidogo kabla ya kuandika ripoti.

Sasa mifupa. Mfupa haukai vile vile: ziko seli zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga, daima. Maieloma huzichochea za kubomoa na kuzizuia za kujenga. Ndiyo mashimo yaonekanayo mfupani kwenye picha ya eksirei.

Ama dawa, kila seli ina mtambo wa kusaga protini mbovu, proteasomu. Bortezomibu huuziba. Fikiria jiko la harusi pale Majengo, masufuria yanatokota usiku kucha, halafu mlango wa kutolea taka ufungwe. Jiko la mtu mmoja lingestahimili kitambo. Hilo la harusi halifiki asubuhi. Seli ya maieloma hupika protini kupita kiasi, basi hufa kwa taka zake. Marekani waliiidhinisha mwaka 2003, na hata leo naistaajabia.

Baba akisikia ganzi au moto nyayoni, mwambieni daktari mapema, kipimo cha dawa hupunguzwa. Msimnunulie diklofenaki ya maumivu dukani, kwa kuwa huumiza figo, na protini ile tayari inazielemea. Na kumchua mgongo, mwanangu, acheni kabisa. Mfupa wenye mashimo huweza kuvunjika chini ya mkono wa anayempenda.