Ujauzito, Malalamiko na Barua Pepe: Niliyojifunza Nikisoma Marekani

Nilikuwa na ujauzito wa wiki 34 nilipomsubiri mhadhiri wangu nje ya maabara, ili nimwombe nifanye mtihani wa vitendo baada ya kujifungua. Alinisikiliza huku akifunga mlango, bunda la karatasi kwapani, kisha akanijibu kwamba silabasi inasema wazi kuwa anayekosa vipindi viwili hushushwa daraja, na kwamba akinipa mimi nafasi itabidi ampe kila mtu. Nilimshukuru, nikaondoka. Nililelewa kuamini kwamba mwalimu akishasema, umejibiwa. Wiki tatu nzima niliishi kana kwamba chuo kimenikatalia, kumbe chuo kilikuwa hakijui lolote: yalikuwa maneno ya mtu mmoja kwenye ujia, wala hayakuandikwa popote.

Ninawaandikia hasa vijana wetu wanaosoma Marekani au wanaojiandaa kwenda, kwa sababu tunakosea mahali pamoja. Tunabembeleza kwa mdomo jambo ambalo ni haki iliyoandikwa.

Sheria yenyewe huitwa Title IX, yaani Sura ya Tisa ya marekebisho ya sheria za elimu, na Rais Richard Nixon aliitia saini tarehe 23 Juni 1972. Mmoja wa waliopigania kupitishwa kwake alikuwa Patsy Mink, mbunge kutoka Hawaii, na baada ya kifo chake mwaka 2002 sheria hiyo ilipewa jina lake. Inakataza ubaguzi wa kijinsia katika programu yoyote ya elimu inayopokea fedha za serikali ya shirikisho, na kwa kuwa mikopo na misaada ya masomo ya wanafunzi huhesabiwa humo, karibu vyuo vyote, hata vya binafsi, vinabanwa nayo. Vyuo vinavyomilikiwa na taasisi za dini vinaweza kupata msamaha pale sheria inapogongana na imani yao. Lililonishangaza nilipoisoma ni kwamba haimtaji raia. Inamtaja mtu yeyote aliye Marekani, na mwanafunzi mwenye viza ni mtu.

Kuhusu ujauzito, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 1975 ziko wazi kuliko nilivyotarajia. Chuo hakiruhusiwi kumtoa mwanafunzi darasani au maabara kwa sababu ni mjamzito, wala kumhamishia programu ya pembeni bila hiari yake. Hakiruhusiwi kumdai cheti cha daktari cha kuthibitisha kwamba anaweza kuendelea na masomo, isipokuwa kama kinawadai hivyo wanafunzi wote wenye hali nyingine za kiafya. Kinatakiwa kumpa likizo kwa muda ambao daktari wake ataona unahitajika kiafya, na akirudi arejeshwe katika hadhi aliyokuwa nayo siku alipoondoka. Haya yanahusu pia mimba iliyotoka au iliyotolewa, na kipindi cha kupona. Silabasi ya mhadhiri, hata ikiwa imechapwa kwa wino mzito, haiwezi kuyafuta.

Aliyenifumbua macho alikuwa mfanyakazi wa maktaba, mama wa watoto watatu, aliyeniuliza tu kama nimeshamwandikia mratibu. Mratibu yupi? Kila chuo kinachopokea fedha hizo kinatakiwa kuwa na mratibu wa Title IX, na anwani yake iwe wazi kwenye tovuti. Usiku ule niliandika barua pepe ya mistari minane: tarehe niliyozungumza na mhadhiri, maneno yake kwa kadiri nilivyoyakumbuka, tarehe niliyotarajia kujifungua, na mambo mawili niliyoyaomba, yaani mtihani wa baadaye na kiti chenye egemeo, kwa sababu stuli za maabara zilikuwa ndefu na mgongo wangu ulishakataa. Sikumlaumu mtu, na nilikwepa sentensi zinazoanza na “nahisi”. Kiti kilifika baada ya siku mbili. Tarehe mpya ya mtihani ilifika wiki iliyofuata kutoka kwa mhadhiri yuleyule, kwa adabu kabisa, nami sidhani kuwa alikuwa mtu mbaya. Nadhani hakuwa amewahi kuisoma kanuni hiyo, kama mimi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali. Mkizungumza na mtu ana kwa ana, mwandikie jioni hiyohiyo: “Asante kwa mazungumzo ya leo, nimeelewa kwamba umesema hivi na hivi.” Akinyamaza, una maandishi yako. Akikusahihisha, una yake.

Hapa kuna shimo ambalo mwanafunzi wa kigeni hulitumbukia peke yake. Mratibu anaweza kukupa likizo, lakini hashughulikii viza yako. Mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, anatakiwa kubeba mzigo kamili wa masomo, na akipunguza masomo bila idhini anaweza kupoteza hadhi yake hata kama sababu ni ya kweli. Sababu ya kiafya inakubalika, kwa jumla isiyozidi miezi 12 katika ngazi moja ya masomo, kwa barua ya daktari mwenye leseni; lakini idhini ya afisa wa wanafunzi wa kigeni lazima itangulie, kabla hujaliacha somo hata moja. Mimi nilikuwa nimeshafungua ukurasa wa kujiondoa katika somo la pili, kidole kikiwa juu ya kitufe, ndipo nikakumbuka kupiga simu. Tangu siku hiyo kila mjamzito anayeniuliza namwambia azipeleke barua kwa ofisi zote mbili siku moja.

Suala la unyanyasaji wa kijinsia ni zito zaidi, na nalijua kwa kumsindikiza binti mmoja tuliyetoka naye Afrika Mashariki, aliyekuwa akiniita dada. Msimamizi wake wa utafiti alianza kwa ujumbe wa usiku, kisha akadokeza kwamba barua ya mapendekezo ingetegemea “ukaribu” wao. Kwetu jambo hili lina jina, rushwa ya ngono, na kanuni za huko pia zinalitenga. Malalamiko mengine ya udhalilishaji hupimwa kama ni mazito, yameenea na yanachukiza kwa macho ya mtu wa kawaida, mambo yote matatu kwa pamoja. Lakini mfanyakazi wa chuo anapoiwekea huduma sharti la ngono, hakuna haja ya kuthibitisha kwamba tendo hilo lilijirudia.

Kosa la kwanza la binti, kama ni haki kuliita kosa, ni kwamba alimweleza mhadhiri mwingine aliyemwamini, akidhani ni siri. Vyuo vingi vimewawekea wahadhiri wao wajibu wa kuripoti, na kesho yake alipokea barua pepe ya mratibu akatetemeka. Kwa hiyo kabla hujafungua moyo, uliza: “Nikikueleza, utalazimika kuripoti?” Washauri nasaha na madaktari wa kituo cha afya cha chuo, pamoja na viongozi wa dini, kwa kawaida hawalazimiki. Barua yenyewe, hata hivyo, haikuwa ya kutisha. Mratibu akipata taarifa anatakiwa kumweleza mwathirika hatua za usaidizi, kama vile kubadilishiwa darasa au makazi, kuongezewa muda wa kazi, au amri ya kutowasiliana, na hatua hizo hutolewa hata kama hataki kufungua malalamiko rasmi. Akitaka kuyafungua, ayafungue akiwa bado mwanafunzi au anajaribu kuwa mwanafunzi. Aliyekata tamaa akaacha chuo kabisa huenda akakuta mlango umefungwa.

Idarani kwao alitokea mzee mmoja mwenye nia njema aliyewashauri wakae wayamalize. Sisi watu wa kuyamaliza nyumbani tulikaribia kukubali. Lakini kanuni zinakataza usuluhishi usio rasmi pale mfanyakazi anapolalamikiwa na mwanafunzi, na naona zina hekima: mezani hapo mmoja ana kalamu ya kukupa alama na mwingine hana kitu.

Kikao cha kuyasikiliza malalamiko yake rasmi kilifanyika kwa video, kila mmoja chumbani kwake, kwa kuwa upande wowote una haki ya kuomba hivyo. Binti aliniteua niwe mshauri wake. Asiye na mshauri, chuo humpa mmoja bila malipo kwa ajili ya kikao, kwa sababu wahusika wenyewe hawahojiani. Washauri ndio wanaouliza maswali. Tulipewa ushahidi wote siku 10 kabla ya kujibu, kisha ripoti ya uchunguzi siku 10 kabla ya kikao. Nilikuja na maswali 27. Sikuwa nimejiandaa kwa ukimya: kila swali linaposomwa, anayejibu anangoja mwenyekiti aamue kwanza kama linahusika. Sekunde kumi, wakati mwingine dakika nzima, mtu yuko kwenye skrini anaangalia mikono yake. Upande wa pili ulipouliza kuhusu wapenzi wake wa zamani, mwenyekiti alilikataa swali mara moja, maana historia ya namna hiyo hairuhusiwi isipokuwa kwa sababu chache mno. Mlalamikiwa naye alihesabiwa hana hatia mpaka mwisho, nami, pamoja na hasira niliyokuwa nayo, sikuona kwamba hilo lilimwonea binti. Uamuzi uliotoka ni wake kuusimulia, si wangu.

Angalia pia tarehe ya sera unayosoma. Kanuni za mwaka 2020, ambazo ndizo nilizozieleza kuhusu vikao, zilibadilishwa na nyingine zilizoanza Agosti 2024, lakini tarehe 9 Januari 2025 mahakama ya shirikisho huko Kentucky ilizifuta hizo mpya, na za 2020 zikarudi. Karatasi za zamani bado zinazunguka mabwenini. Na chuo kikikupuuza kabisa, Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu hupokea malalamiko, kwa kawaida ndani ya siku 180 tangu tendo lenyewe, kwa hiyo usikae mwaka mzima ukingoja mratibu akujibu.

Jambo la mwisho ni dogo, na liliniponyoka mimi mwenyewe. Anwani ya barua pepe ya chuo ni mali ya chuo, na baada ya mahafali inaweza kufungwa. Nilipohitaji ile barua ya mistari minane ili nimwonyeshe binti namna ya kuandika yake, haikufunguka. Tuliipata kwa sababu mfanyakazi wa maktaba, niliyekuwa nimempa nakala, alikuwa ameichapa na kuiweka kwenye droo yake.