Ushirikiano na Wachina kwenye utafiti wa dawa za asili: anzeni na hati

Mkuu, umeuliza taasisi yenu ifanye nini ipate Wachina wa kushirikiana nao, pamoja na fedha za kutafiti dawa za asili. Nimefanya kazi ya maabara kwenye mradi wa namna hiyo, naomba nijibu kwa urefu.

Wengi hudhani Wachina walifanikiwa kwa sababu serikali yao ilimwaga fedha. Fedha zilikuwapo, lakini tazama chimbuko la dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria. Mradi 523, mpango wa serikali ya China wa kutafuta dawa ya malaria, ulianza tarehe 23 Mei 1967, wakati wa vita vya Vietnam, na ukakusanya taasisi nyingi. Mwaka 1971 mtafiti Tu Youyou na wenzake wa Beijing waliacha kuchemsha qinghao, yaani mmea wa artemisia, kwa sababu joto liliharibu dawa. Wakatumia etha, kimiminika cha kutolea dawa kwenye mmea, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 hivi. Hata hivyo, majani ya Beijing yalikuwa na dawa kidogo. Watafiti wa Yunnan na Shandong nao wakaitoa kwenye mimea ya kwao, wa Guangzhou wakaijaribu kwa wagonjwa, na wa Shanghai wakasaidia kuufumbua muundo wake. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kazi.

Sisi tulikosea hapo hapo. Hati yetu ya makubaliano ilikuwa na sahihi za wakubwa, ila haikusema sampuli ni za nani, matokeo yanarudi lini, wala nani atalipia umeme wa majokofu mfadhili akiondoka. Tulituma magunia mawili ya mizizi ya mjafari. Mwaka wa pili fedha zikakata, na majibu hayakuja. Mzee aliyetupeleka porini kutuonyesha miti ile alikuwa akinipigia simu kila Idi: "Mwanangu, mizizi yangu imesemaje?" Sikuwa na la kumjibu. Linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo andikeni mapema. Itajeni Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya mimea na viumbe vya nchi nyingine, iliyoanza kutumika 2014. Inadai ridhaa na mgawanyo wa manufaa, na mzee kama yule awe na fungu lake humo. Dai kijana wenu awepo kwenye maabara yao sampuli zikipimwa, arudi na data. Na nusu ya mzigo ibaki kwenu. Sisi hatukubakiza hata kilo moja, ndiyo maana tulishindwa kuirudia kazi wenyewe.